Wakala wa vyuo vya nje hapa Nairobi: kwa fomu na viza wako sawa, lakini ile listi yao ya asilimia wabaki nayo

Nyota 3 kwa 5.

Jina la ofisi sitaji, sina nia ya kuharibia mtu biashara, na pia nimeongea na wazazi wengine wawili watatu wenye walienda ofisi tofauti hapa mjini wakaniambia ni mtindo ule ule, kwa hivyo hii rivyu ichukueni kama ya hio huduma yote, si ya mlango mmoja. Ukitaka mtu wa kukusaidia na fomu, kusoma insha ya mtoto na kumfanyisha mazoezi ya intavyu ya viza, enda tu, utasaidika. Lakini ukienda ndio wakuchagulie vyuo, kaa macho. Hapo ndio nyota mbili zimepotelea.

Kijana ni wa dada yangu. Alipata A- kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, anataka kusomea sayansi ya kompyuta Marekani, na mamake hana pesa ya karo ya huko, hio tuliwaambia kabla hata ya kukalia viti. Wana pakeji tatu, tukachukua ya katikati, elfu 60, nusu unalipa kwa till siku ya kwanza na nusu maombi yakishatumwa. Ofisi ni safi, kuna maji ya dispensa, kuna ramani kubwa ya dunia na picha za watoto wenye walifaulu wakiwa wamevaa masweta ya vyuo. Hapo sina neno.

Sasa listi. Ni karatasi ya A4 imelaminetiwa, vyuo kama ishirini na kitu, na rangi tatu. Nyekundu wanaita ndoto, manjano wastani, kijani uhakika. Nikauliza rangi zinatoka wapi, kumbe ni namba moja tu, asilimia ya watu wenye chuo kinakubali kati ya wale wameomba. Chini ya 15 ni nyekundu, 15 mpaka 40 manjano, ikipita 40 kijani. Kaunsela wetu ni dada mpole, anaongea vizuri na anasikiliza, akapitisha kalamu kwa hio karatasi akasema, "Mzazi, tutachukua nyekundu mbili, manjano tatu na kijani tatu, hapo hawezi kosa." Kijana akauliza, "Na pesa?" Akaambiwa ya pesa itaangaliwa barua zikikuja.

Ati ya pesa itaangaliwa baadaye! Lakini wacha nianze na hio asilimia kwanza, juu pesa inaingia humo humo ndani.

Asilimia ya kukubaliwa ni sehemu, kuna namba ya juu na namba ya chini. Juu ni wenye wamekubaliwa, chini ni wenye wameomba. Watu wote wanaangalia namba ya juu wakidhani ndio inasonga, na mara nyingi ni ile ya chini. Chukua Harvard. Darasa lenye lilikua limalize 2024, walioomba walikua 40,248 na wakapokea 1,980, hio ni karibu 5 kwa mia. Mwaka uliofuata Korona imeingia, SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, haikua lazima tena, waombaji wakaruka mpaka 57,435, wakapokea 1,968, ikashuka mpaka 3.4. Watu 12 tu ndio wamepungua kwa waliopokelewa, lakini magazeti yaliandika ni kama Harvard imejenga ukuta mpya. Halafu angalia hii: wakarudisha SAT, na kwa darasa la 2029 walioomba wakashuka mpaka 47,893, wakapokea 2,003, asilimia ikapanda ikafika 4.2. Kwani Harvard imekua rahisi kwa kuongeza mtihani? Si wameongeza kizuizi! Kwa listi ya ofisi yetu hio inahesabiwa kwamba imelegea.

Kijana ndio aliniambia ya University of Chicago, na hii niliipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hio Chicago ilikua inakubali kama 7 kati ya kila 10 wanaoomba, kwa rangi za ofisi hio ni kijani kibichi kabisa, uhakika. Hio ni Chicago yenye Milton Friedman alikua anafundisha akishinda Nobel 1976, na kuanzia 1992 Obama mwenyewe, huyu wetu wa Kogelo, alikua anafundisha sheria kwa chuo hicho hicho. Siku hizi inakubali kama 5 kwa mia. Masomo hayakugeuka hivyo. Zamani fomu yao ilikua ya kivyao, na maswali ya insha ya ajabu, kama hauna haja nao ulikua unakata tamaa kwa swali la kwanza, basi wenye walibaki wakiomba walikua ni wale wako serious tayari. Wakaingia Common App mwishoni mwa miaka ya 2000, hio fomu moja yenye unaweza tumia vyuo 20, wakaanza pia kujitangaza sana, na waombaji wakajaa. Kwa hivyo ile 70 ilikua ya watu wamejichuja wenyewe nyumbani, na hii 5 ni ya kila mtu amejaribu bahati yake.

Na kujitangaza si mchezo. College Board, wenye SAT, wana huduma yenye vyuo hulipia kupata majina ya wanafunzi. Kijana alifanya SAT, baada ya hapo simu yake haikupumzika, emaili za vyuo vyenye hata hajawahi sikia, zinamuita kwa jina la kwanza, ati wamemwona ni mtu wa maana, ati ada ya maombi wamemfutia, jaza tu leo usiku. Sista akafurahi sana akidhani mtoto ameitwa. Nikamwambia sista hawa wanataka aongeze foleni, si lazima wanataka aingie. Si vyuo vyote viko hivyo, vingine vinatafuta watoto kutoka sehemu zenye havijafika, lakini emaili yenyewe haiwezi kukuonyesha tofauti.

Kuna ingine ya Walmart, ile supamaketi ya Wamarekani. 2013 walifungua maduka Washington D.C., nafasi 600 za kazi, maombi yakafika zaidi ya 23,000. Hio ni 2.6 kwa mia. Kwa hio listi yetu iliyolaminetiwa, Walmart ingekua nyekundu juu ya Harvard! Hapa kwetu enda uwanja wowote siku ya kuandikisha jeshi uone hio asilimia vile itakua.

Sasa kuna kitu kingine kaunsela hakugusa, nayo ndio ilinifanya nichukue kalamu yangu. Chuo hakikubali idadi ya viti, kinakubali kulingana na wangapi kinategemea watakuja. Tuseme vyuo viwili, kila kimoja kina viti 1,000 na waombaji 10,000, na watoto ni wa alama sawa kabisa. Cha kwanza kinajua watoto 8 kati ya 10 wakiitwa wanakuja, basi kinaita 1,250 na asilimia inakua 12.5. Cha pili kinajua ni 2 tu kati ya 10 ndio watakuja, wengine wataenda kwa vyuo vyenye majina, kinaita 5,000, asilimia 50. Kimoja kimepata nyekundu, kingine kijani, na watoto ni wale wale! Na vyuo vinajua hio hesabu kuliko sisi, ndio maana vingine vinajaza nafasi nyingi kwa njia ya maombi ya mapema yenye yanakufunga, ukikubaliwa lazima uende, hakuna kulinganisha ofa. Hao wote wanakuja, kwa hivyo haina haja ya kuita watu wa ziada, na asilimia ya jumla inashuka bila chuo kubadilisha hata mwalimu mmoja. Halafu mlango wa mapema unakua mpana, wa kawaida unabaki kama tundu la sindano, na wewe unaonyeshwa wastani wa milango miwili.

Sisi Wakenya hii tunaijua lakini tunasahau. Module II, ile ya kujilipia karo, ilipoanza University of Nairobi 1998, digrii ilikua moja, lekcha moja, wengine wameingia na pointi za serikali na wengine wameingia na pointi chache kidogo na pesa mfukoni. Mtu akikuuliza hio kozi ni ngumu aje kuingia, si lazima umuulize kwanza unaingilia mlango upi?

Na KUCCPS, wale wa kupangia watoto vyuo hapa Kenya, je? KCSE ya 2024 watahiniwa walikua 962,512, wenye walipata C+ kwenda juu ni 246,391, hao ndio wanaruhusiwa kuomba digrii na nafasi ziko, ukipata C+ na uombe, kozi haikosi mahali, hata kama si yenye ulikua unaota. Mzungu akija na karatasi yake ya rangi atasema vyuo vya Kenya vinakubali karibu kila mtu, kijani tupu. Kumbe mchujo ulifanyika kwa chumba cha mtihani Novemba, na unafanyika tena kwa pointi za klasta, zile za masomo yenye kozi inataka, juu jaribu kuomba udaktari na C+ uone. A zenyewe mwaka huo zilikua 1,693 nchi nzima. Uswisi wana mtindo wa kufanana, pale ETH Zurich, chuo cha Einstein, mtoto wa huko mwenye cheti chao cha sekondari anaingia bila kuchujwa, halafu mwaka wa kwanza kuna mtihani, ukianguka mara mbili unaenda nyumbani, na wanaanguka wengi. Asilimia ya kuingia haiwezi kukuonyesha hio. Inaonyesha tu mlango wa mbele, na kuna nyumba zenye mlinzi anakaa ndani.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Kwa kijani walimwekea University of Illinois Urbana-Champaign, asilimia zaidi ya 40, uhakika. Yeye mwenyewe akamwambia kaunsela polepole, kwa heshima, "Madam, hio ni ya chuo kizima, sayansi ya kompyuta ni chini ya 10." Dada akanyamaza kidogo, akaenda kwa kompyuta, akaangalia, akarudi akasema ni kweli. Nilimheshimu kwa hio, wengine wangebishana. Lakini jiulize ni watoto wangapi wamepewa hio karatasi na hawakujua kuuliza. Na hata angepata, ni chuo cha serikali ya jimbo, vyuo vingi vya aina hio havina msaada wa maana wa karo kwa mwanafunzi wa kutoka nje, utaitwa vizuri na bili ya mamilioni. Hio uhakika ni ya nani?

Kwa manjano walimwekea Berea College, kule Kentucky. Berea ni chuo kizuri sana, hakitozi karo, wanafunzi wote wanafanya kazi hapo chuoni, na kwa mgeni kuna msaada mkubwa. Ndio maana watoto kutoka dunia nzima wanaililia, na wageni wenye wanachukuliwa kila mwaka ni wachache sana. Asilimia ya jumla inabebwa zaidi na Wamarekani, hasa wa milimani huko Appalachia, wenye chuo kinawatanguliza. Mtoto wa Umoja hapa Nairobi akiisoma kama yake amepotea. MIT angalau wenyewe wanachapisha wazi kwa websaiti yao, jumla ni kati ya 4 na 5 kwa mia, lakini kwa wageni ni kama 2. Na MIT ni wale wachache hawaangalii mfuko wako wakati wa kuamua hata kama wewe ni mgeni, pamoja na Harvard, Yale, Princeton na Amherst. Kwa vyuo vingi vingine, ukiweka tiki kwamba unaomba msaada wa pesa, umehamia foleni ingine kabisa, na hio foleni haina namba kwa karatasi iliyolaminetiwa.

Nikaomba kuongea na meneja. Akakuja, mtu wa suti, anacheka vizuri. Akaniambia, "Mzazi, sisi tunatumia data, hizi namba si zetu, ni za vyuo." Nikamwambia sikatai, namba ni za kweli, lakini hata U.S. News, wale wa kupanga vyuo namba moja mpaka mwisho, walitoa asilimia ya kukubaliwa kwa hesabu yao 2018, na hata wakati ilikua ndani ilikua na uzito wa 1.25 kwa mia. Stanford nao mwaka huo huo wakasema hawatakua wakitangaza tena hizo namba kila msimu. Sasa kama wenye kupanga wameiacha, nyinyi mnapaka rangi tatu za nini? Akasema wazazi wanaipenda, wanaelewa haraka. Hapo sikuwa na jibu, juu ni kweli, hata sista alikua ameipiga picha akaituma kwa grupu ya familia.

Nikamuuliza pia kama kuna vyuo vinawalipa kamisheni. Akasema vingine, vya Uingereza na Kanada hasa, lakini si vya kwa listi ya Marekani. Sina sababu ya kumtilia shaka, ila ulizeni hio swali mapema, mnaona venye mtu anajibu.

Kitu kimoja mnaweza fanya wenyewe bila kulipa mtu: tafuteni kwa Google jina la chuo na maneno Common Data Set. Inakuja PDF ndefu, vyuo vingi vinaijaza kila mwaka. Tuliisoma na kijana kwa simu yake yenye kioo imepasuka kona, tukikuza na vidole. Ingia sehemu ya C, utaona walioomba, waliokubaliwa, na walioripoti kweli, hizo tatu pamoja zinakuonyesha ile hesabu ya nani anategemewa kukuja. Teremka C9, kuna alama za SAT za walioingia, ya robo ya chini na ya robo ya juu, hio kwangu ndio inaongea ukweli kuhusu ugumu, juu inakuonyesha ni nani ameketi darasani, si ni nani alisimama nje. Kama mtoto wako yuko chini ya robo ya chini, hata chuo kikubali 50 kwa mia, usimwambie ni uhakika. C21 ni ya maombi ya mapema. Halafu H6, mzazi mwenzangu, hapo ndio kwako. Inasema chuo kilisaidia wageni wangapi na kwa wastani wa pesa ngapi. Tulipata chuo chenye kilikua nyekundu kwa listi lakini kinasaidia wageni wengi kwa pesa nzito, na kingine kijani chenye hio mistari iko tupu. Rangi zikageuka zote.

Sisemi asilimia haina kazi. Chuo kikichukua 4 kwa mia, hata mtoto awe na alama za kupasua paa, usiweke mayai yote hapo, hio inatosha kujua. Lakini kati ya 20 na 60 haikuambii kitu cha kukusaidia kuamua, na hapo ndio vyuo vingi viko, na hapo ndio elfu 60 yako inaenda.

Kwa haki yao, tulipoleta hizo PDF kaunsela hakukasirika. Alikaa na kijana wakapanga upya, wakatumia alama na msaada wa pesa badala ya rangi, listi mpya akatutumia kwa WhatsApp bila laminesheni, na ilikua nzuri kuliko ya kwanza mara kumi. Insha pia alisoma vizuri, alimkataza kijana ile hadithi ya kuvuka mto akienda shule, akamwambia aandike ile ya kutengeneza simu za majirani pale stejini, ambayo ndio yake kweli. Mazoezi ya viza sijaona, hatujafika hapo, lakini mzazi mwingine tulikutana kwa lifti akasifu.

Kama mtoto wako ana alama nzuri na hamna pesa, anzeni na EducationUSA pale ubalozi wa Marekani Gigiri, ushauri wao haulipishwi, na kwa wale wenye alama za juu kabisa mwangalie KenSAP, wamekua wakipeleka watoto wa Kenya vyuo vikubwa vya Marekani tangu 2004. Ofisi za kulipia zije baadaye, kama bado mnahitaji mtu wa kuwakumbusha dedilaini. Na kama mna pesa ya karo yote, basi hii yote haiwahusu sana, mtahudumiwa vizuri na kahawa juu.

Mengine ya haraka: lifti moja haifanyi, ofisi iko juu, mwenye magoti ajipange. Maegesho ni ya kulipia. Jumamosi kunajaa, enda katikati ya wiki asubuhi. Chukua pakeji ndogo ya insha na fomu peke yake kama listi mtajitengenezea, itapunguza bei karibu nusu. Na risiti mdai hapo hapo mkilipa, sisi ya ile nusu ya pili mpaka sasa tunaambiwa iko kwa mhasibu.